Gauni Lililoshuka Liuli

Otilia alikuwa wa kwanza kijijini kumpa Sekela nguo ya mtoto, na akawa wa kwanza kujuta.

Sekela alikuwa afisa ugani wa kata, mwenyeji wa Rungwe, aliyehamishiwa kwenye vijiji vya kahawa kati ya Kigonsera na Mbinga mjini. Alipanga nyumba ya mzee Isidori, jirani na kwa Otilia, akaishi humo peke yake. Haukupita muda watu wakaona kwamba mtumishi huyu hatupi kitu na dukani haonekani. Maganda ya ndizi aliyaanika mpaka yakakauka, akayachoma, majivu yake akayatia kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kuyamiminia maji. Maji yaliyochuruzika aliyachemsha na mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi, aliyopewa mgahawani, mpaka yakawa sabuni laini nyeusi. Majivu yake hayakumtosha. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba ya mekoni, na kila aliyempa alirudishiwa sabuni.

Akina mama waliipenda ile sabuni kwa sababu ilitoa utomvu wa ndizi kwenye nguo. Kwa hiyo Sekela alipoanza kuomba nguo za watoto zilizokwisha kuwabana, hakuna aliyeshtuka. Otilia alimpa gauni la binti yake Beatha. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa mkono kutokana na kipande cha kitenge chake, na ndani ya kola alitia kitambaa cha shati kuukuu la mumewe, Urban, ili lisimkwaruze mtoto shingo. Alirudi nyumbani na bakuli la sabuni, akaona amefanya biashara nzuri.

Siku chache baadaye Beatha akashikwa na homa. Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa, na homa ikashuka. Lakini mtoto alibaki mnyonge, hataki uji, anashinda amelala kwenye mkeka huku wenzake wakicheza kwenye mibuni.

Ndipo Matilda, jirani wa upande wa pili, alipokuja kumjulia hali mgonjwa. Alimgusa mtoto paji la uso, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Otilia alitoa gauni la mtoto huyu huyu.

"Nguo yenye jasho la mtoto unampa mtu ambaye kwao hupajui," alisema Matilda. "Na majivu ya jikoni kwako anayo. Wewe mwenzangu ulifikiria nini?"

Maneno yale yalimwingia Otilia. Tangu siku hiyo akaanza kumtazama Sekela kwa jicho lingine. Aliona kwamba dirisha la chumba cha nyuma halifunguliwi hata jua likiwaka. Aliona kwamba Jumamosi nyingine Sekela anatoka alfajiri na mfuko mkubwa mgongoni, anarudi Jumapili jioni, na akiulizwa alikokwenda anasema alikuwa safarini tu. Mambo ambayo zamani Otilia aliyachukulia kuwa ya mtu mkimya, sasa yalimnyima raha.

Alijikaza akaenda kulidai gauni. Sekela alikuwa uani anakoroga sufuria.

"Limeshatoka, mama Beatha," Sekela alimwambia. "Limekwenda na mengine."

"Limekwenda wapi?"

Sekela aliinama akasukuma kuni. Akasema kama Otilia anataka sabuni zaidi atampa. Wakati huo mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kidogo, na Otilia aliona nguo za watoto zimepangwa sakafuni kwa mafungu, ndogo huku na kubwa kule. Sekela alipoona anachungulia, alikwenda akaurudisha mlango.

Basi Otilia akaisema habari ile. Aliisema kisimani, akaisema baada ya sala za jumuiya, na kila alipoisema iliongezeka kidogo. Akina mama wakaacha kumpa Sekela majivu. Urban alimwonya mkewe kwamba mtoto alikuwa na malaria kama watoto wengine, na kwamba maneno ya namna hii yakishatoka hayarudi. Otilia alimsikia, lakini sabuni iliyobaki aliimwaga shimoni.

Beatha alianza kula, akarudi kucheza. Ila sasa Otilia alikuwa na shida nyingine. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, alizoea kuwapata kwa Sekela kwa kubadilishana na maharage, bila kuuliza Sekela anawatoa wapi. Kwa kuwa hakutaka tena kitu cha mikono yake, aliamua kushuka ziwani mwenyewe. Alichukua maharage na unga wa mahindi, akapanda gari mpaka Mbamba Bay, na kutoka hapo akapata gari jingine hadi Liuli.

Alifika mchana. Vichanja vya usipa vilikuwa vimejaa, na akina mama walikuwa wakigeuza samaki juani. Otilia alikuwa bado anatafuta wa kuanza naye mazungumzo, alipomwona mtoto wa kike anapita na kikombe cha maji mkononi. Mtoto yule alikuwa amevaa gauni la Beatha.

Otilia alilijua kabla hajalikaribia. Pale pale lilimjia wazo kwamba kitu cha mwanawe kimeletwa mpaka huku majini kwa kazi ambayo mtu mzima hawezi kuitaja. Alitua mzigo, akaenda, akamshika mtoto begani, akaigeuza kola atazame ndani.

Mtoto alipiga ukelele. Akina mama waliacha samaki wakamzunguka Otilia, na mama wa mtoto, aliyeitwa Lidia, akaja mbio akamnyakua binti yake. Aliuliza huyu ni nani. Hakuna aliyemjua. Akamuuliza Otilia mwenyewe anamtafuta nini mtoto wake, na Otilia, kwa kubabaika, akajibu jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kujibu.

"Nilikuwa nataka nguo yake."

Ukimya uliofuata Otilia aliutambua, maana ndio ule uliokuwa ukishuka kisimani kila Sekela alipofika na ndoo. Mwanamke mmoja aliusogeza mzigo wa Otilia wa unga kwa mguu, hakutaka kuugusa kwa mkono. Mwingine alisema hawa wageni wanaokuja kutazama watoto wasiachiwe wakaondoka. Wakampeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Meshack, ambaye alikuwa amekaa barazani kwake anatengeneza wavu.

Otilia alimwamkia. Mzee aliitikia, akampa kigoda, kisha akaanza kumhoji taratibu. Lidia alieleza kwamba lile gauni alilipata kwa usipa. Yuko dada mmoja, mtumishi wa huko milimani, ambaye huleta nguo za watoto zilizofuliwa na kutiwa viraka, naye huchukua samaki. Nusu ya watoto wa ufuoni wamevaa nguo zake. Otilia alisikiliza huku uso ukimwaka. Mafungu yale sakafuni yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa wa watoto. Na usipa aliokuwa akiwapata kwa Sekela walitoka hapa.

Mzee Meshack alimtaka ataje mtu wa kumthibitisha. Otilia alitoa namba ya Urban, lakini Urban alikuwa shambani bondeni na simu haikupatikana. Mzee akauliza kama yuko mwingine. Otilia alimjua mmoja tu ambaye watu hawa wangemsadiki, na kumtaja kulikuwa kama kumeza jiwe.

"Huyo dada anayeleta nguo," alisema. "Ni jirani yangu."

Lidia alipiga namba, mzee akaweka simu kwa sauti kubwa. Alimweleza Sekela kwamba wamemshika mwanamke anayejiita Otilia, kwamba amemkamata mtoto na kutaka kumvua nguo. Otilia aliangalia chini. Alijua kwamba mwenye simu amekwisha kusikia yote yaliyosemwa kisimani. Kama angesema simjui, nani angemlaumu?

"Namfahamu," Sekela alisema. "Ni mama Beatha. Gauni hilo alilishona yeye. Tazameni ndani ya kola, ametia kitambaa cha shati la mume wake, chenye mistari ya bluu."

Walitazama, wakaona mistari ya bluu. Mzee Meshack alimwambia Otilia yuko huru, akamwomba radhi, na mkewe akamkaribisha ugali na malazi. Hata hivyo ufuoni hakuna aliyekubali kubadilishana naye. Na kabla ya jua kutua Lidia alikuja na lile gauni limekunjwa.

"Chukua," alisema. "Silitaki tena. Mtu hawezi kuifuata nguo kutoka Mbinga mpaka hapa bila kuwa na sababu yake."

Otilia alijaribu kumweleza. Lidia aliliweka gauni juu ya kigoda na kuondoka.

Alirudi nyumbani na maharage yake yale yale, akaenda moja kwa moja kwa Sekela. Safari hii Sekela alimkaribisha ndani, akamfungulia chumba cha nyuma mwenyewe. Nguo zilikuwepo, na sindano, na debe la vifungo vilivyong'olewa kwenye mashati mabovu. Dirisha lilifungwa kwa sababu kioo kilivunjika na mzee Isidori hajalitengeneza. Otilia alimwomba msamaha, kisha akamuuliza kwa nini hakumwambia siku ile gauni liko wapi.

"Niliona haya," alisema Sekela. "Afisa wa serikali anatembeza nguo kuukuu za watoto. Najenga kwetu, mama Beatha, na mshahara ndio ule mnaousikia. Nilifikiri watu wakijua watanicheka. Sikujua kwamba wasipojua watasema vile."

Kisha akamwambia jambo ambalo Otilia hakulitegemea. Lidia alikuwa amempigia simu. Akina mama wa ufuoni walikuwa wakiwavua watoto wao nguo walizozichukua kwa Sekela na kuuliza zilitoka kwa watoto wa nani, wazima au wafu. Kazi yake ya kule ilikuwa imekufa.

Otilia alikaa na neno lile siku kadhaa. Lile gauni Matilda alimshauri alichome, lakini yeye alilikata akatia kiraka kwenye shuka. Halafu akamwendea Sekela akamwambia Jumamosi watakwenda wote, na Beatha pia, ili wale akina mama wamwone mtoto mwenyewe kwa macho yao. Urban alisita, mwisho akakubali. Sekela naye hakufurahi sana. Alisema tu kwamba hana cha kupoteza.

Liuli waliwapokea kwa salamu fupi. Lidia alimtazama Beatha kichwani, mikononi, miguuni, kama anayekagua mbuzi mnadani. Akamuuliza jina, mtoto akalitaja. Kisha Lidia aliingia jikoni akatoka na kipande cha samaki wa kuchoma kwenye sahani, akakiweka mbele ya Beatha.

"Ale," alisema. "Nimwone anakula."

Wanawake wote walikuwa wanamtazama Otilia, si mtoto. Naye alihisi ule woga wa zamani unapanda tena. Chakula hiki kimetoka jikoni kwa mtu aliyemrudishia gauni kwa chuki. Beatha alikuwa ameinua uso anasubiri ruhusa. Otilia alitaka kusema mtoto ameshiba, na neno lilikuwa limefika mdomoni.

"Kula, mwanangu," alisema badala yake. "Angalia miiba."

Beatha alikula chote, akalamba vidole, akauliza kama kuna kingine. Mwanamke mmoja alicheka, na Lidia akaingia ndani kuleta kipande cha pili. Binti yake alitoka nyuma ya mlango, akaja kusimama karibu na mgeni.

Baada ya hapo Sekela alifungua mfuko. Lidia alipitia nguo moja moja, akageuza kola, akavuta mishono, akanusa. Aliuliza kila moja ya nani, na Otilia, ambaye alizijua nyumba zote, alijibu: hii ya mjukuu wa Isidori, ile ya watoto pacha wa mwalimu. Lidia hakuchukua nyingi kama zamani, lakini alichukua. Wenzake wawili walichukua pia. Wengine walisema watafikiri.

Katika gari la kurudi, Beatha akiwa amelala katikati yao, Sekela aligawa usipa kwenye mifuko miwili. Otilia alijikuta anaipima kwa macho ili aone upi mkubwa. Alipoinua uso, Sekela alikuwa anamtazama.

Sekela aliisogeza mifuko yote miwili mbele ya Otilia.

"Chagua wewe kwanza," alisema.

Otilia alichukua uliokuwa karibu na mkono wake, akaufunga, na safari nzima hadi Mbinga hakuuangalia tena ule mwingine.