Alama za Njano

Kazini walimwita Mama Pole, kwa sababu neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Alikaa meza ya tatu kutoka dirishani, katika kampuni iliyouza vitabu vya kusomea kwenye simu na tableti, na kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wasomaji.

Wasomaji wana mambo. Mmoja anataka kurasa zifunuliwe moja moja kama za kitabu cha karatasi, mwingine anataka maandishi yateremke mfululizo kama meseji. Huyu anachukia mistari iliyonyooshwa pande zote mbili kwa kuwa inaacha mapengo katikati ya maneno, yule akiona mstari mmoja umeishia njiani anauliza kama kitabu kilipangwa na mlevi. Kulikuwa na mama mmoja aliyepiga kila Jumatatu kulalamika kwamba shairi la mistari minne kwake linatoka mistari saba. Wote aliwapa pole, akajaza fomu, akapokea simu iliyofuata.

Fundi Saa alipiga Jumanne moja asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mimi ni fundi wa saa, nimestaafu. Nina neno dogo tu, nisikupotezee muda."

Neno lenyewe lilihusu riwaya moja nene ya ndugu wawili waliogombania duka la viatu hadi wakalikata katikati kwa ukuta. Mkewe ndiye aliyeinunua, na sasa mzee ndiye anayeitumia tableti yake. Herufi zilikuwa ndogo na zimepauka kama majivu. Vitabu vingine ukibonyeza alama ya kuongeza, herufi zinanenepa. Hiki ukibonyeza, kimya.

"Sasa unasomaje, baba?"

"Nina ile lenzi yangu ya kazini, ya kubana kwenye jicho. Naona maneno matatu, nasogea, naona mengine matatu. Nikifika kwenye nukta nimeshasahau sentensi ilimhusu nani."

Mama Pole akacheka kabla hajajizuia. Mzee naye akacheka, na hapo ndipo ilipomwingia kwamba huyu hakupiga kugomba. Badala ya kujaza fomu na kuiacha hapo, aliinuka akaenda chumba cha nyuma kwa fundi wa mafaili, mtu mzima mwenye ndevu ambaye ofisi nzima ilimwita Kesho.

Kesho alifungua faili, akalitazama, akavuta ndevu. "Mchapishaji kazifunga herufi. Kaandika ukubwa wake humu ndani na hataki zibadilike. Sisi haturuhusiwi kugusa. Akileta faili jipya, nitaliingiza."

"Lini?"

"Likija leo, kesho."

Mama Pole alimwandikia mchapishaji barua nne. Ya kwanza ilijibiwa na mashine, tatu zilizobaki hazikujibiwa na yeyote. Wiki ya tatu aliacha chakula chake cha mchana mezani, akaenda kwa miguu mpaka kwenye jengo lao, akapanda ghorofa mbili juu ya duka la mapazia. Alimkuta mwanamke mmoja kazungukwa na maboksi ya vitabu, anakata kucha.

"Kile kitabu kina miaka sita," yule mwanamke alisema. "Nani bado anakisoma?"

"Yupo anayekisoma."

"Mmoja?"

"Mmoja ninayemjua."

Yule mwanamke alimtazama kama anayetazama mtu aliyepotea njia, kisha akaandika jina la kitabu kwenye kipande cha boksi. Siku tisa baadaye faili jipya likaja, na Kesho, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya ofisi, akaliingiza siku ileile.

Mama Pole alimpigia mzee mwenyewe.

"Utaona ujumbe unakuuliza kama unataka toleo jipya. Bonyeza kubali."

"Nimeuona. Na haya maandishi madogo hapo chini?"

"Ni ya kawaida hayo, baba. Bonyeza tu."

Mzee akabonyeza. Kisha sauti ya mzee ikaanza kusoma sentensi ya kwanza ya kitabu, polepole, bila kusimama, mpaka kwenye nukta. Akasoma ya pili. Mama Pole alimwacha asome ukurasa mzima huku taa ya simu zinazosubiri ikiwaka mbele yake. Siku hiyo alirudi nyumbani mwepesi, hata mumewe akamuuliza kama wamempandisha cheo.

Alhamisi mzee akapiga tena.

"Binti, samahani. Zile alama za njano zimekwenda wapi?"

"Alama gani, baba?"

Ndipo akaeleza, bila haraka, kama mtu anayefungua saa na kuvipanga vipande mezani. Mkewe alikuwa mwalimu, na yeye mwenyewe alizoea kumwita Mwalimu, hata ndani. Mwalimu alikisoma kitabu kile mara tatu, na kila alipocheka alipaka njano. Pembeni aliandika maneno yake: huyu ni wewe kabisa, hapa mwandishi kamjua dada yangu. Mwaka jana kiharusi kilimpiga, kikaondoka na mkono mmoja na maneno yote. Sasa kila alasiri mzee alikaa kando ya kitanda na kumsomea palipopakwa njano, kisha yale aliyoyaandika Mwalimu mwenyewe. Mwalimu akimbana mkono, mzee anarudia palepale.

"Ndiyo maongezi yetu," alisema. "Sasa kitabu kimekuwa cheupe chote."

Mama Pole hakusema pole. Alimwomba asubiri, akaenda chumba cha nyuma karibu anakimbia.

Kesho alimsikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakuvuta ndevu. "Alama hukaa kwa kuhesabu herufi," alisema. "Inaandikwa kwamba njano inaanzia herufi ya elfu kumi na mbili, inaishia mahali fulani. Faili jipya limepangwa upya, hesabu zote zimehama. Mtambo ukiona hazilingani, unafuta."

"Zirudishe."

"Hakuna zilipowekwa, dada. Onyo lilikuwepo, pale chini."

Alibaki amesimama mlangoni. Alitaka kumgombeza mtu na hakumwona wa kumgombeza. Yule mwanamke wa maboksi alifanya alichoombwa. Kesho hajawahi kufanya kazi upesi namna ile. Mzee aliuliza kuhusu maandishi madogo, na aliyemjibu alikuwa yeye.

Alirudi mezani, akavaa spika za masikioni. Mzee alikuwa bado kwenye laini.

"Baba, hazirudi. Mimi ndiye niliyekwambia ubonyeze. Sikuyasoma yale maandishi."

"Hata nikirudia kile cha zamani?"

"Hata hicho hakipo tena."

"Jana nilijaribu kukisia," mzee alisema. "Nikamsomea pale ndugu mdogo anapoingia dukani kwa dirisha. Nilidhani palikuwa na njano. Aligeuzia uso ukutani. Sasa sijui kama nimekosea mahali, au ni kuchoka tu."

"Pole, baba," alisema, na neno lilitoka dogo, limechakaa.

"Usijisumbue, mwanangu. Herufi zinasomeka vizuri sana."

Akaaga, akakata.

Jumamosi Mama Pole alikinunua kile kitabu. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yake mumewe akifua uani, akasoma tangu ukurasa wa kwanza akitafuta mahali mwalimu mmoja mtu mzima angeweza kucheka. Alipaka njano hapa, akapaka pale. Kufika saa tisa alikuwa amepaka karibu nusu ya sura ya kwanza, kwa sababu kitabu kilichekesha kweli, na kila sentensi ingeweza kuwa ndiyo. Ile iliyoandikwa pembeni huyu ni wewe kabisa ingeweza kuwa popote. Mume huyo ana tabia gani, hakujua.

Alizifuta zote. Akaishika simu, akaitafuta namba ya mzee, akakaa nayo mkononi akifikiri la kusema, mpaka mumewe alipomwita amshikie shuka upande mmoja wakalikamue.