Marufuku Kuchuchumaa

Dinah aliinama kama walivyoinama wote: miguu imenyooka, kichwa chini, mikono ikiokota punje za mahindi zilizomwagika kwenye sakafu ya stoo pale Kitale. Kuchuchumaa marufuku. Kupiga magoti marufuku. Nyapara Kimaiyo alikuwa amesema mwanamke akichuchumaa, mahindi huingia chini ya leso na hayatoki tena. Basi wainame, aone mikono yote.

"Kitendawili," Emmy akanong'ona kando yake.

"Tega."

"Kutwa nzima anatafuta, na hajapoteza kitu."

Dinah akafikiri mpaka debe likafika nusu. "Ufagio."

"Umepata, mama."

Wakacheka chinichini. Kisha Dinah akataka kujinyoosha, mgongo ukakataa. Ulikwama katikati, kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaushika ukuta, akaupanda kiganja baada ya kiganja, jasho likimtiririka.

"Wewe mama, unasali?" Kimaiyo akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nimechoka kidogo, bwana."

"Si uangalie pale getini. Hao wote wanaongoja kazi hawajachoka."

Hakuhitaji kuangalia. Kazi hii ndiyo iliyomweka mjukuu wake Joan kidato cha tatu, na mama wa miaka hamsini na sita angeipata wapi nyingine?

Alhamisi akaomba ruhusa, akaenda hospitali kwao Bungoma. Daktari Hillary alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alimbonyeza mgongo, akauliza.

"Unabeba nini kichwani?"

"Maji. Kuni. Siku zingine gunia."

"Unalalia nini?"

"Godoro. Yaani, lilikuwa godoro."

"Na kazini unainama vipi?"

Dinah akamwonyesha. Daktari akaruka kumzuia.

"Hapana, mama! Hiyo ndiyo tabia inayokuumiza. Ukiokota kitu, kunja magoti. Chuchumaa tu."

Jamani, jambo dogo hivyo! "Niandikie, mwanangu," Dinah akasema. "Na upige muhuri."

Akaandikiwa: achuchumae, apewe kiti, asibebe mzigo. Akaifunga barua kwenye pindo la leso, na njia nzima mpaka Kitale alikuwa akiipapasa. Nani angebishana na muhuri? Hata maiti haitoki mochari bila muhuri.

Kimaiyo alisimama kuisoma. Kisha akaisoma tena kwa sauti, wanawake wote wasikie.

"Ati achuchumae! Ati apewe kiti! Na chai ya maziwa je, Dinah? Daktari amesahau chai?"

Wengine wakacheka. Emmy hakucheka, wala hakuinua kichwa.

"Nikikuruhusu wewe, hawa je? Si wote wana migongo?"

"Wote inawauma, bwana."

Ilikuwa kweli. Mwanamke aliyekuwa akipepeta akasimamisha ungo.

Kimaiyo akaikunja barua taratibu, akaitia mfukoni. "Daktari wa serikali amesema usiiname. Mimi ni nani nimpinge? Ukivunjikia hapa nitashtakiwa bure. Enda nyumbani, mama. Pumzisha mgongo."

"Nitainama, bwana. Barua nirudishie niichane. Nitainama tu."

"Na muhuri nao tuuchane?"

Kabla Dinah hajafika getini, mwanamke mmoja aliyengoja nje alikuwa ameshaingia, mtoto mgongoni. Akaliokota debe la Dinah. Akainama bila kuonyeshwa, miguu imenyooka, na kichwa cha mtoto kikaning'inia kando.

Jumamosi Dinah akashuka Bungoma na vyombo vyake kwenye gunia. Ijumaa ijayo Joan angefunga shule, aje kuuliza habari za muhula ujao. Mgongo ulikwama tena alipoteremka garini, na safari hii hakukuwa na ukuta karibu. Akaanza kutembea hivyo hivyo, macho kwenye vumbi, gunia likiburuzika nyuma.

"Sasa mama," bodaboda mmoja wa baiskeli akamwita. "Umeangusha nini?"

Dinah akakikumbuka kitendawili cha Emmy, na jibu lake: ufagio. Akaendelea kutazama vumbi.

"Ngoja nikusaidie, bana. Ni pesa?"

Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka, akaja. Akainama kando yake, miguu imenyooka, akaanza kupekua vumbi kwa vidole.