Shoka la Mawe la Protase

Radi ilimuua mtoto wa Rwegasira shambani, huko Ihembe, mchana kweupe. Kabla jua halijazama watu walikuwa wamejaa uani kwa Deodatha na mapanga yao, wakimtaka mumewe, Protase. Kosa lake lilijulikana. Alipokuwa akichimba mashimo ya kupandia kahawa alifukua shoka la jiwe, na badala ya kulipeleka kwa mganga, kama afanyavyo kila mwenye akili timamu anayeokota jiwe la radi, yeye akaliweka ndani, nalo likaiita radi kijijini.

Huyo naye! Miezi michache tu ya kumbebea mizigo Mzungu aliyechimbua mapango ya watu wa kale ilikuwa imemjaza maneno mdomoni.

"Shikamoo, mzee Rwegasira. Pole kwa msiba," Protase alisema. "Lakini radi haiachi jiwe. Jiwe linaloanguka toka juu huitwa kimondo, na hili silo. Hii ni zana ya Zama za Mawe. Ilichongwa na watu, kabla chuma hakijajulikana."

Kofi likamwangusha. Kilichofuata kilikuwa mpini wa jembe, na jino likaruka. Deodatha akaona wazi kwamba wanamuua.

"Waonyeshe!" akapiga yowe. "Protase, wachongee lingine waone!"

Wakamwachia. Protase akaokota mawe mawili, damu ikimchuruzika kidevuni, akayagonganisha. Vipande vikaruka, ukingo mkali ukatokea. Akakata nao kamba ya mbuzi. Deodatha akashusha pumzi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Rwegasira akaligusa lile jiwe jipya.

"Kumbe unayatengeneza mwenyewe," alisema. "Basi mikono hii ndiyo iliyomuua mwanangu."

Wakamlaza chini, wanaume wanne wakamkalia. Rwegasira akaiweka mikono ya Protase juu ya jiwe la kusagia, akaiponda kwa mgongo wa shoka la kuni, kidole baada ya kidole. Deodatha alilia kwamba ni yeye aliyemwambia achonge, ni yeye. Hakuna aliyemsikiliza.

Protase hakufa. Deodatha alimlisha na kumfuta pua, akijichukia kwa kila tonge. Mwezi uliofuata radi ikapiga tena, ikaua ng'ombe wawili wa Rwegasira. Akaja peke yake, panga kwapani. Aliitazama mikono ya Protase, iliyofungwa vitambaa. Kisha akaitazama ya Deodatha, iliyokuwa ikimenya ndizi.

"Na wewe," akauliza, "alikufundisha?"