Pamba ya Mafuta ya Haradali

Siku Himani aliporudishwa nyumbani na kikosi cha ulinzi wa mpaka kwa sababu ya masikio, mtu wa kwanza kijijini kutangaza kwamba mashine ya kupimia ilikuwa mbovu alikuwa Sajini Ilam Singh. Alilisema hilo mbele ya wanafunzi wake wote, kwa sauti kubwa, kama alivyosema kila jambo. Kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha msichana huyo kulenga shabaha tangu akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, hakuna aliyembishia.

Kikosi kilikuwa kimempa Himani rufaa moja, baada ya mwezi mmoja. Akipita, angekuwa msichana wa kwanza wa kijiji chao kuvaa sare. Akishindwa, jina lake lingefutwa moja kwa moja.

Banda la shabaha la Sajini hapo awali lilikuwa kiwanda cha kupikia sukari guru. Kuta zake zilikuwa za matofali, paa lake la bati, na madirisha yote alikuwa ameyaziba ili risasi isipate pa kutokea. Kila bastola ilipolia humo, mlio uligonga ukuta, ukarudi, ukagonga bati, ukarudi tena. Kinga yao ilikuwa pamba. Kabla ya kufyatua, kila mwanafunzi alichovya kipande katika kibakuli cha mafuta ya haradali, akakikamua, akakibana sikioni. Ndivyo Sajini alivyofundishwa na waliomtangulia jeshini, na hakuona sababu ya kuwafundisha wengine vinginevyo. Mwaka uliopita kijana mmoja kutoka mji wa Baraut alikuja na vifuniko vikubwa vya masikio. Sajini alimuuliza kama mama yake alikuwa na habari kwamba ametoka nyumbani na vikombe vya chai kichwani. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na vifuniko vile havikuonekana tena.

Lililokuwa halijulikani na mtu yeyote, hata mkewe, ni kwamba Sajini mwenyewe alikuwa hasikii vizuri kwa miaka kumi na moja. Alisoma midomo. Alikaa mahali penye mwanga, akaongea kwa wingi ili wengine wasipate nafasi ya kuuliza, na alipopitwa na neno alitikisa kichwa na kusema, "Vizuri, vizuri." Katika kijiji chao jina la utani likimnasa mtu halimtoki. Palikuwa na mzee aliyeitwa Kiziwi hata na wanawe wa kuzaa, na watoto walimtukana kwa nyuma, kisha wakamtabasamia alipogeuka. Sajini alikuwa amemwona mzee yule akirudisha tabasamu zile, na alikuwa ameapa moyoni kwamba yeye hatafikia hapo.

Wiki moja kabla ya rufaa, Rohtash, baba yake Himani, alimwomba ampeleke binti kwa daktari wa masikio mjini Meerut, kwa kuwa yeye alikuwa na zamu ya kupeleka miwa kiwandani. Sajini alikubali. Asingeweza kukataa; msichana alimwita Baba mkubwa kwa heshima.

Daktari Zeba alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, aliyevaa barakoa kwa sababu ya mafua. Sajini alipoiona barakoa ile, alijua kwamba hataweza kusoma midomo. Daktari alimpima Himani kwa muda mrefu, kisha akaanza kumhoji mwalimu. Aliinua vidole kuhesabu, na Sajini akafahamu kwamba anaulizwa idadi ya risasi, akajibu sitini. Aliigusa kalenda ukutani, naye akafahamu kwamba anaulizwa siku; akajibu siku sita kwa wiki. Alionyesha sikio, naye akaeleza habari ya pamba na mafuta. Alijiona amevuka salama.

Ndipo daktari alipouliza swali jingine, akiwa ameinamia karatasi. Sajini alinasa neno "masikio" na mkia wa sauti uliopanda. Alidhani anaulizwa kama pamba ilivaliwa kila mara.

"Kila siku, Daktari," alijibu kwa kujiamini. "Tangu mwanzo. Mimi mwenyewe nilikuwa nahakikisha."

Daktari aliiweka kalamu chini. Himani alikuwa amegeuka na kumkodolea macho, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Sajini alitazama uso mmoja, kisha mwingine, akajua kwamba amejibu swali ambalo hakuulizwa.

"Ulijua?" Himani aliuliza polepole, na midomo yake ilisomeka bila shida. "Daktari kakuuliza kama nilikuambia masikio yangu yanavuma. Unasema kila siku?"

Sajini aliendelea kuitazama midomo yake.

"Nilikuambia mara moja tu, Baba mkubwa. Asubuhi ile ya ukungu, nimejifunika shali mpaka puani. Nikakuambia yanavuma, hayanyamazi hata nikilala. Ukasema, 'Vizuri, ongeza risasi kumi.' Nikadhani ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Nikaongeza kumi."

Aliikumbuka asubuhi hiyo. Aliikumbuka shali ya kijani na macho yaliyokuwa yakimtazama juu yake, yakisubiri. Alikuwa amedhani kwamba msichana anamtajia alama zake.

Sasa palikuwa na njia mbili, na zote aliziona waziwazi. Angeweza kuacha jibu lake lisimame. Angeonekana mwalimu mkatili aliyejua na asijali, na miongoni mwa watu wake mwalimu mkatili hulaumiwa kidogo na kuheshimiwa sana. Au angesema ukweli. Kilichomtia aibu baadaye, kuliko yote, ni kwamba alisitasita. Alikaa pale akipima lipi lingemharibia jina zaidi, ilhali msichana aliyempotezea masikio alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwake.

"Sikukusikia," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijasikia vizuri miaka kumi na moja sasa. Hata daktari sijamsikia. Nimebahatisha."

Daktari aliishusha barakoa, akahamisha kiti chake mbele ya dirisha, akaanza upya, akiwatazama wote wawili. Alieleza bila kukemea. Nje uwanjani mlio hutawanyika. Ndani ya kuta nne humrudia mpigaji, na jirani yake akifyatua, mlio huo nao humwingia. Pamba huzuia vumbi tu. Humo ndani hata kinga moja ya kweli haitoshi. Kwanza vizibo laini: viviringishwe mpaka viwe vyembamba, sikio livutwe juu, viingizwe na kushikiliwa mpaka vivimbe. Kisha vifuniko juu yake. Sikio la kulia la Himani huenda likapata nafuu akikaa mbali na milio. La kushoto, mishipa yake imekwisha kufa.

Ndani ya basi Himani aliketi kiti cha mbele yake na hakugeuka. Waliposhuka tu ndipo alipomsimamia usoni.

"Usinijibu kwa kichwa tena," alisema. "Kama hujasikia, sema hujasikia."

Rufaa ilifanyika siku yake. Sikio la kulia lilipita kwa shida. La kushoto likakataa, na jina likafutwa. Himani alirudi na basi la mchana, akapita mbele ya banda bila kuingia.

Jioni ile Sajini Ilam Singh alikwenda uani kwa Rohtash. Hakuitwa. Wanaume wanne walikuwa wameketi juu ya vitanda vya kamba wakipokezana buruma, kiko cha maji cha kuvutia tumbaku. Walimpisha mahali pa heshima, naye akabaki amesimama. Alisema mambo yote kwa mpangilio: pamba, vifuniko alivyovidhihaki, asubuhi ya ukungu, na uziwi aliouficha. Hakuitaja mashine ya kikosi. Alisema kwamba banda limefungwa, na halitafunguliwa mpaka kila anayeingia awe na kinga mbili, na mpaka apatikane mtu mwenye masikio mazima wa kulisimamia.

Rohtash hakuinua uso. Alisema neno fulani akiwa ameinamia buruma, na wenzake watatu wakatazama chini. Nyuso zao zilitosha kumwonyesha Sajini kwamba neno lilikuwa zito. Wangemwelewa kama angeinamisha kichwa na kuondoka. Pengine walimtakia hivyo.

"Rohtash, ndugu yangu," alisema, "sikukusikia. Inua uso useme tena."

Rohtash aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesema, nilikuletea mtoto mzima."

Alilisema kwa nguvu, hata wanawake waliokuwa jikoni wakachungulia. Sajini alilisikia lote. Akabaki amesimama mbele yao, mikono imeshuka ubavuni, mpaka Rohtash mwenyewe aliposogeza miguu kitandani na kumwonyesha, bila kumtazama, mahali pa kukaa.