Uso wa Ginés Ukutani

Indalecio alikula mkate wake kwa kuanguka. Kwa miaka thelathini na minane, kila kampuni ya kigeni iliyokuja jangwani Tabernas kupiga filamu za makauboi ilimwita yeye: aanguke kutoka mgongoni mwa farasi, aanguke kutoka juu ya paa, arushwe dirishani, badala ya mwigizaji mkubwa ambaye wakati huo alikuwa kivulini anakunywa bia. Kazi hiyo ina sheria moja, naye aliishika kama sala: unapoanguka, uso unauficha. Uso ukionekana, watazamaji watajua kwamba huyo siye, na picha imeharibika.

Ndiyo maana mkewe, Virtudes, alimtazama mumewe sinemani mwaka nenda mwaka rudi bila kumwona hata siku moja. Aliuona mgongo. Wake wa waangukaji walikaa pamoja ukumbini pale kijijini na kubishana kwa sauti.

"Yule ni Indalecio wangu!"

"Wako? Huyo ni wangu mimi, hebu tazama hayo makalio!"

Walicheka hadi wakafukuzwa. Lakini Virtudes akirudi nyumbani alikuwa akisema, nusu utani, nusu kweli, "Mimi nimeolewa na mgongo." Na mwanawe wa pekee, Ginés, aliyasikia hayo tangu angali anatambaa.

Ginés alikua, akaifuata kazi ya baba. Akajaaliwa kuwa stadi kumshinda baba, ingawa baba hakuwahi kulitamka hilo. Kisha ikaja kampuni moja yenye fedha nyingi na akili kidogo, ikajenga mnara wa kengele nje ya kijiji, na Ginés akapewa kazi ya kuanguka kutoka juu kabisa badala ya jambazi mkuu. Alianguka vizuri ajabu, mikono imetanda, hana haraka. Lakini katikati ya hewa akageuza kichwa, akaitazama kamera. Sekunde tatu, uso mzima.

Mnara ulikuwa umeshavunjwa kwa ajili ya picha hiyo moja, wala muda wa kuujenga upya haukuwepo. Picha ikaachwa ilivyo. Filamu ilipotoka, watu walicheka hadi machozi: jambazi aliyepanda mnarani alikuwa na nywele za rangi ya majani makavu, na aliyeanguka alikuwa na nywele nyeusi tii na pua ya mama yake. Tuseme kweli, filamu yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ndefu kama Kwaresima, na hata wenyeji walioigiza ndani yake walisinzia. Ila lawama hutafuta mtu wa kumwangukia, na safari hii ilimwangukia Ginés.

Indalecio alimkabili baani, mbele ya waangukaji wenzake wote.

"Umenitia aibu. Anayeanguka hana uso! Nimekufundisha mara ngapi?"

"Nilitaka mama anione, baba," alisema Ginés.

"Mama yako anakuona kila siku mezani!"

Ginés aliweka glasi chini, akatoka. Baada ya hapo wakawa wanapitishiana chumvi tu. Mwezi wa tano tangu siku ile, lori lilimkuta Ginés na pikipiki yake kwenye barabara ya Sorbas, akafa papo hapo.

Bustani ya makauboi, ile inayopokea watalii kwenye mitaa ya zamani ya filamu, ilichukua mabaki ya mnara na kuusimamisha upya. Pembeni yake wakajenga kibanda chenye giza na ukuta mweupe. Kila siku saa sita mchana kengele ililia, na kipande cha kuanguka kikaonyeshwa pale ukutani. Indalecio, ambaye sasa alitunza farasi wa bustani, alimleta Virtudes kila Jumapili. Kisukari kilikuwa kimemla Virtudes macho. Nyumbani walijaribu kwenye televisheni, akaona ukungu mtupu. Lakini pale ukutani uso wa Ginés ulikuwa mkubwa kama mlango wa kanisa, na Virtudes aliweza kuuona mwanga wake ukigeuka.

"Ameangukaje?" alikuwa akiuliza kila mara.

"Kaanguka vizuri," alijibu Indalecio. "Ila kaonyesha uso."

Hakuwahi kubadilisha jibu hilo. Na watalii walipomuuliza kuhusu mnara, aliwaambia wasipoteze muda wao, filamu ile ni takataka. Aliona kwamba akiitukana yeye kwanza, hakuna mwingine atakayethubutu kumcheka mwanawe mbele yake.

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, mkuu wa bustani, Araceli, aliita mkutano. Alikuwa binti wa Melchor, mwangukaji mwenzake Indalecio, Mungu amrehemu. Wakakaa kwenye baa ya mbao, ile ambayo viti vyake huvunjwa mara mbili kwa siku katika mchezo wa watalii.

"Suala ni mnara," alisema Araceli. "Wageni wanaupita tu. Swali langu ni moja: filamu kama ile inastahili kuwa na mahali hapa kwetu?"

"Inastahili nini!" alidakia Blas, anayeigiza mkuu wa polisi. "Zimepigwa hapa filamu ambazo dunia nzima ilizililia, na hatujaziwekea hata kibao. Hii iliyotuchekesha ndiyo tuijengee mnara?"

Indalecio alisimama. "Uacheni. Filamu si mbaya."

Baa nzima ikaangua kicheko.

"Leo hii, mjomba?" Blas alipiga meza. "Juzi si wewe uliyewaambia wale Wajerumani kwamba afadhali wakamtazame farasi akinya?"

Mdomo uliponza kichwa. Indalecio alizungusha kofia mkononi, masikio yamewiva. Araceli peke yake hakucheka. Alimtazama taratibu, akasema, "Mjomba, Ginés yumo mle. Sema tu kwamba unataka abaki. Ukisema wewe, mnara hautaguswa mradi mimi nipo."

Neno moja tu lilihitajika. Lakini waliokuwa mle ndani ni walewale waliokuwa baani siku ile alipomfokea Ginés. Kusema abaki ni kukiri mbele yao kwamba uso ule ulistahili kuonekana, na kwamba baba mtu ndiye aliyekosea. Moyo ulimsukuma mbele, kiburi kikamvuta nyuma. Kiburi kilikuwa na nguvu zaidi.

"Anguko lililoharibika haliwekwi," alisema. "Ndiyo sheria yetu. Bomoeni."

Akatoka kwenda kuwapa farasi maji. Huko kwenye zizi alilia, na hakuna aliyemwona ila jike mmoja mzee wa kijivu.

Wakabomoa siku ya Alhamisi. Virtudes hakuambiwa. Jumapili alivaa gauni lake la bluu, akajipaka manukato nyuma ya masikio, akanyoosha mkono ili aongozwe. Indalecio alimwongoza. Angefanya nini kingine? Kibanda hakikuwepo tena. Lilibaki benchi lile, na mbele yake uwanja wa changarawe na jua. Walikaa. Saa sita ikafika, ikapita.

"Kengele haijalia," alisema Virtudes.

"Haijalia."

"Na mbona jua linanichoma usoni? Paa liko wapi?"

Indalecio alimshika mkono. "Wamebomoa, Virtudes. Kila kitu. Araceli aliniachia mimi niamue, nami nikasema wabomoe. Niliwaogopa wale wanaume."

Virtudes alikuwa anasugua kidole gumba juu ya mkono wa mumewe, kwenye mfupa uliovunjika zamani na kuunga vibaya. Hakumlaani, na hilo lilikuwa zito kuliko laana. Kisha aliinua uso wake kuelekea pale ukuta ulipokuwa.

"Haya," alisema. "Ameangukaje?"

Indalecio alitazama changarawe. Alifungua mdomo, na lile jibu la kila Jumapili likaja hadi ulimini, akalimeza.

"Ameanguka vizuri. Vizuri kuliko mimi, Virtudes, maisha yangu yote sijawahi kuanguka vile."

"Na uso?"

"Ameonyesha uso," alisema. "Kauonyesha wote. Amefanya vyema."