Kochi la Ghorofa ya Tatu

"Wakazi wote mnatangaziwa kwamba lango kuu la jengo letu, ambalo tangu awali limekuwa la rangi ya kijani, kuanzia wiki ijayo litakuwa la rangi ya kijani iliyokolea. Aidha, lango litasogezwa kidogo upande wa kushoto ili rangi hiyo ionekane vyema kutoka barabarani. Kwa ajili ya kulinda mandhari, madumu, ndoo na vyombo vyote vya maji viondolewe ngazini mara moja."

Mwenyekiti wa kamati ya wakazi aliyasoma hayo kwa sauti, mlango baada ya mlango, ingawa karatasi ilikwisha kubandikwa ukutani. Alikuwa muuza rangi. Hakuna aliyemwuliza rangi ya lango ingenunuliwa duka gani, kwa kuwa swali lenye jibu moja huonekana utovu wa adabu.

Ghorofa ya tatu alimkuta mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Fundi, mshonaji wa makochi, amepiga magoti mbele ya safu ya madumu. Faneli ilikuwa shingoni mwa mojawapo, naye alikuwa akimimina maji yaliyochemshwa na kupoa.

"Umesikia, Fundi?"

"Nimesikia. Kijani imekuwa kijani."

"Nasema madumu. Yanaharibu sura ya jengo."

"Basi jengo limchemshie mjukuu wangu maji, nami nitayaondoa."

Mjukuu mwenyewe alikuwa ndani, mgongoni mwa mama yake, mke wa mtoto wa Fundi. Mara ya mwisho bomba lilipokauka, mama huyo alinunua maji ya mkokoteni, maangavu kama ahadi. Mtoto aliharisha mpaka macho yakazama, na alipolia machozi hayakutoka. Alipona. Hospitalini waliambiwa wana bahati. Fundi aliipokea bahati hiyo kwa shukrani, lakini hakukusudia kuitegemea tena, kwa sababu bahati haina kifuniko.

Tangu hapo aliweka akiba ya maji kwa ukali uleule aliokuwa nao katika kuvuta kitambaa juu ya fremu ya kiti. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa alilikataa hata likiwa jipya machoni. "Plastiki haisahau," alisema. Mengine aliyaosha kwa sabuni, akayasuuza, akayajaza hadi shingoni, akayafunga. Katika mpini wa kila dumu alifunga uzi: mwekundu kwa maji mapya, wa buluu kwa yaliyokaa. Ya buluu hunywewa kwanza, dumu huoshwa, hujazwa upya, na kuvalishwa nyekundu. Kikombe hakikuchovywa humo kamwe.

"Yaingize ndani, basi," alisema Mwenyekiti. "Ila yasionekane. Mwakilishi wa mwenye jengo atapita nyumba kwa nyumba, na sebuleni anataka kuona samani. Samani tu."

"Samani."

"Kwani si ndiyo kazi yako?"

Fundi alikaza kifuniko kwa kiganja. "Ndiyo kazi yangu," alisema.

Alifanya kazi siku mbili. Aliyapanga madumu wima katika safu mbili, yakiwa yamebanana. Juu yake akalaza ubao, juu ya ubao sponji, na juu ya sponji kitambaa cha rangi ya zambarau kilichoachwa na mteja aliyependa mapazia kuliko alivyoweza kuyatundika. Upande wa mbele kitambaa kilishuka hadi sakafuni na kufungwa kwa vifungo. Nyuma palikuwa na egemeo, mbavuni mito. Lilikuwa kochi, na si baya.

"Mama, mgeni akikaa si atasikia maji?" aliuliza mkwewe.

"Debe tupu ndilo linalovuma. Haya yamejaa."

"Na akiuliza ndani kuna nini?"

"Wewe umewahi kumwuliza mtu kochi lake limeshiba nini?"

Mkwewe alicheka hadi mtoto akaamka.

Mwakilishi alikuja akiwa amevaa viatu vilivyolia. Alikaa, akalipiga kochi kwa kiganja, akatangaza kwamba hiyo ndiyo aina ya sebule inayoheshimisha jengo. Mwenyekiti alikaa kando yake, akajisogeza kidogo.

"Gumu," alinong'ona.

"Litalainika, Mwenyekiti," alisema Fundi. "Kila kitu hulainika kikitumiwa."

Siku iliyofuata vibarua walikuja kuchimba shimo la nguzo mpya ya lango. Sururu haikwenda mbali kabla ya kukutana na bomba kuu, ambalo hakuna mtu katika kamati aliyefikiri kuuliza lilipita wapi. Maji yaliruka juu ya lango, yakaosha rangi mbichi, yakatapakaa uani, kisha yakaisha. Kamati iliwaahidi wakazi kwamba yangerudi hivi punde. Hivi punde ilipita, ikapita nyingine.

Mwenyekiti hakuwa mzembe. Naye alikuwa na akiba. Alikuwa ameijaza katika ndoo nyeupe za dukani mwake, safi, zenye vifuniko vizuri. Mama yake mzee, aliyelala ghorofa ya juu akiwa na homa, alionja mara moja, akageuza uso. "Mwanangu ananinywesha ukuta," alisema, na dawa akaitema.

Ndipo Mwenyekiti alipobisha ghorofa ya tatu akiwa na birika mkononi. Alikaa kwenye kochi kabla ya kukaribishwa, kwa uchovu wala si kwa jeuri.

"Fundi, mama hamezi dawa. Maji yangu yananuka rangi. Kama una kikombe kimoja tu..."

"Simama, Mwenyekiti."

"Unanifukuza?"

"Umekalia maji."

Alisimama. Fundi akafungua vifungo, akavuta dumu lenye uzi wa buluu. Mwenyekiti alilitazama, akamtazama na Fundi.

"Hii ni kinyume cha tangazo," alisema, bila nguvu.

"Ni samani. Mwulize mgeni wako."

Birika lilijaa. Na kwa kuwa mtu akishapata anachokitaka hukumbuka cheo chake, Mwenyekiti alikohoa. "Unajua, haya ni mengi kwa nyumba moja. Kamati ingeweza kuyachukua, ikayasimamia."

"Kamati isimamie shimo lake."

"Fundi..."

"Mama yako nitampelekea maji mwenyewe, kila asubuhi, mpaka apone. Mwenye mtoto mchanga akibisha, nitampa. Lakini dumu halivuki kizingiti hiki. Mkilitaka, njooni mlivute na mimi nikiwa juu yake." Naye akakaa, akaikunja mikono.

Hakuna aliyekuja kuvuta. Waliobisha walikuwa na chupa, vikombe, na haya. Kila dumu lililokwisha Fundi alilirudisha mahali pake, ubao usije ukalegea, na polepole kochi likaanza kuvuma upande wa kushoto. Mtoto aliligundua hilo kabla ya wengine. Alisimama akilishikilia, akapiga kwa kijiko: ngo, ngo, ngo. Akajikokota kuelekea kulia, akapiga tena: ngo, ngo. Kwenye kona kabisa, penye uzi mwekundu wa mwisho, kijiko kilitoa sauti nzito, fupi, isiyo na mwangwi.

"Hapo hapo," Fundi alimwambia. "Hapo pako."

Kisha akasogea dirishani. Uani, kandokando ya shimo, kamati ilikuwa imekutana tangu asubuhi, na sasa Mwenyekiti alikuwa amekunjua karatasi.

"Baada ya majadiliano marefu," alisoma, "kamati imeamua kwa kauli moja kwamba lango lirudishiwe rangi yake ya awali."