Mwitikiaji wa Andama

Andama hakuwahi kutaja jina la mtu katika wimbo. Hapo ndipo ilipokuwa sanaa yake. Alipiga adungu, kinubi chake cha mti na ngozi, akaeleza mwendo wa mtu, kofia yake, ugomvi wake na majirani; kisha akanyamaza, na Phiona, mwitikiaji wake, akalitoa jina. Soko zima la Koboko likaangua kicheko.

Miaka ile waliotajwa walipata aibu tu. Mwizi wa mbuzi alirudisha mbuzi. Mwalimu mmoja mlevi aliacha kulala mitaroni, angalau mpaka Krismasi. Watu wakasema anayewaaibisha wakubwa hivi afanywe mkubwa, wakamchagua kuwa diwani. Sasa alitaka ubunge, na nyuma ya jukwaa lake waliketi vijana juu ya pikipiki, vijana wasiocheka.

Wiki iliyopita, huko Aroi, wimbo ulimhusu Aliga, aliyekuwa akimpigia debe mpinzani wake Andama. Phiona aliitikia jina kama kawaida. Kabla jua halijatua, nyumba ya Aliga ilikuwa majivu. Andama alipoulizwa redioni alijibu kwa upole, "Kuna aliyenisikia mimi nikitaja mtu?" Phiona alikuwa akisikiliza nyumbani huku akichambua maharage. Akaweka ungo chini. Ni kweli, hakuna aliyemsikia Andama. Sauti iliyosikika ilikuwa yake yeye.

"Leo ni Natale," Andama alimwambia sasa, akikaza uzi wa kinubi.

"Natale muuza unga?"

"Huyo huyo anayeuliza uwanja wa soko umeuzwa kwa nani."

"Kaka, ana watoto wadogo."

"Sema mheshimiwa," kijana mmoja akamsahihisha. "Na sauti iko, dada? Kunywa maji kidogo."

Walipopanda jukwaani, Natale alikuwa mbele kabisa ya umati, binti yake mabegani. Alikuwa ameanza kutabasamu, kama watu walivyotabasamu zamani kinubi kilipolia.

"Nani huyu," Andama akaimba, "mwenye unga mpaka kwenye nyusi, mwenye maswali mengi kuliko magunia?"

Kinubi kikanyamaza. Jina lilikuwa tayari ulimini mwa Phiona, jepesi, limezoea njia. Akafumba mdomo.

Andama alicheka kidogo, akarudia. Phiona akatazama miguu yake. Hakuwahi kujua jinsi nafasi ile aliyoachiwa ilivyokuwa ndefu. Mtu mzima angeweza kupita ndani yake. Na Natale akapita. Tabasamu lilimtoka, akamshusha mtoto, akamshika mkono, akajipenyeza naye katikati ya watu kuelekea malori yaendayo Kongo. Phiona alimfuata kwa macho mpaka shati lake likapotea.

Andama naye alimfuata kwa macho. Kisha akampa Phiona mgongo, akawageukia watu, na sauti yake ikawa laini kuliko siku zote.

"Nani huyu, tuliyekula naye sahani moja, leo ameshiba kwingine?"

Watu wakacheka. Walipenda wimbo mpya.

"Nani huyu, mwenye kitambaa cha kijani, nyumba yake ya mwisho kwenye njia ya Ayivu, anayelala peke yake?"

Kinubi kikanyamaza. Wanawake wa mstari wa mbele wakainua macho, wakakiona kitambaa kichwani mwa Phiona, wakavuta pumzi ili waitikie.